Juya la Mpwa Wangu: Nani Hasa Anaimaliza Bahari ya Zanzibar?



Naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana nimesoma makala nyingi za sisi tulio nje tukiwalaumu walioko nyumbani kwa kila kitu, na sitaki hii iwe moja yao. Mwaka 2006 nilimpelekea mpwa wangu Pemba riali 450 za Oman anunue nyavu. Kijana alikuwa kamaliza skuli, kazi hana, na mamake, ambaye ni dada yangu wa toka nitoke, alikuwa hapitishi wiki bila kunipigia simu. Mimi hapa Muscat ni fundi wa viyoyozi, si tajiri, na riali 450 kwangu ilikuwa pesa ya kujinyima miezi. Lakini nikajiona nimefanya la maana. Sikuuliza nyavu gani. Mtu wa bara ya Pemba asiyejua bahari ningemsamehe, lakini mimi baba yangu alikuwa mtu wa dema, nimekulia mwambao, na sikuuliza.

Mwaka 2009 nikaenda likizo. Asubuhi ya pili nikashuka diko kabla ya jua, kama nilivyokuwa nikifanya utotoni. Nikakuta watu kama kumi na sita wamejigawa pande mbili wanavuta kamba, nusu yao watoto waliotakiwa saa ile wawe wanajitayarisha kwenda skuli. Juya likaja pwani taratibu. Ndani yake mlikuwa na majani ya bahari fungu kwa fungu, vipande vya matumbawe, vichangu, tasi wa kidole gumba, pweza wa kiganja cha mtoto, na visamaki vingine ambavyo hata majina yake siyajui kwa kuwa sijapata kuviona vikubwa. Ndoo tatu. Mkubwa wa wote alikuwa hafiki urefu wa mkono wangu toka kifundo hadi ncha ya kidole. Nikauliza, hili juya la nani? Mpwa wangu akacheka akaniambia, "Lako hili, mjomba!"

Kulikuwa na mzee mmoja pale anashona dema lake chini ya mkungu, rafiki wa marehemu baba. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Pesa zenu za Maskati hizo, mwanangu. Tunazila na mbegu."

Maneno yale nimekaa nayo miaka yote hii. Na mwaka huu yamenirudia upya kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Kwa wasiojua, na wapo wengi waliozaliwa huku Ghuba na Uingereza ambao samaki wanamjua kwenye sahani tu, nieleze kidogo kazi ya juya. Ni wavu mrefu wenye macho madogo, unazungushwa kwenye maji ya kina kifupi halafu unaburutwa chini mpaka pwani. Na maji hayo ya kina kifupi, yenye nyasi za bahari, ndiyo chekechea ya samaki wetu. Tasi na changu wengi wanaanza maisha yao humo na kwenye mikoko, wakikua ndio wanatoka kwenda kwenye miamba. Sasa ukilipitisha juya pale asubuhi na jioni, bamvua na maji mafu, unafanya mambo mawili kwa pamoja. Unawavua watoto kabla hawajazaa hata mara moja, na unaing'oa nyumba yenyewe. Mvuvi wa mshipi aliyeko nje kwenye mwamba anakaa kutwa na ndoana yake anashangaa samaki wamekwenda wapi. Hawakwenda popote. Waliuzwa kwa kisado pwani, tena kwa bei ya kutupa.

Na juya si peke yake. Iko kigumi, ambapo wavu unazungushwa mwamba halafu watu wanapiga matumbawe kwa miti na kuyakanyaga ili samaki watoke mbio. Iko utupa na sumu nyengine za kumwaga kwenye mashimo. Iko mitungi, kijana anazamia na hewa ya kubebwa na bunduki ya mshale, anamfuata samaki mpaka kule alikokuwa akijificha zamani, ambako ndiko walikokuwa wakibaki wazazi wa kuendeleza kizazi. Siku hizi wameingia na vyandarua vya mbu. Na upande wa Bara iko baruti, ambayo nitaifikia.

Matumbawe yale yenye matawi, ambayo ndiyo yanakua upesi, yanaongezeka kama sentimita 10 kwa mwaka hali ikiwa njema. Yale ya mviringo yanayojenga mwamba hasa yanakwenda kama sentimita moja tu. Mguu mmoja wa mtu wa kigumi unaweza kuvunja kilichoanza kuota kabla ya Mapinduzi. Tena matumbawe haya haya yalipata pigo kubwa la joto la bahari mwaka 1998, wakati wa El Niño, pale Misali na Mafia sehemu nyingi zikageuka nyeupe zikafa, na joto hilo limerudi 2016 na 2024. Joto la dunia Mpemba hawezi kulizuia. Lakini mgonjwa anayetoka hospitali hupigwi tena magongo, anaachwa apate nguvu.

Sasa mtu atasema, sheria iko wapi? Sheria ipo jamani! Sisi hatujawahi kukosa sheria. Zanzibar ilikuwa na Sheria ya Uvuvi ya 1988, ikaja Sheria namba 7 ya 2010, na baruti na sumu vimekatazwa humo bila ya kificho. Bara wana yao namba 22 ya 2003. Maeneo ya hifadhi yapo: Chumbe toka 1994, Ghuba ya Menai toka 1997, Misali toka 1998, na mkondo mzima wa Pemba toka 2005. Toka mwaka 2020 tuna wizara nzima inayoitwa ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Kwa makaratasi bahari yetu inalindwa kuliko benki.

Tatizo ni namna sheria inavyofika diko. Inafika kama radi, mara moja kwa mwaka, na kamera ya televisheni. Juya linakusanywa, linamiminwa petroli, mkuu anawasha kiberiti, picha inapigwa, magari yanaondoka. Mwaka 2014 juya la mpwa wangu, yaani juya langu, lilichomwa namna hiyo. Na unajua kilichofuata? Dada alinipigia analia kuwa watoto hawana cha kula, na mimi nikapeleka tena pesa. Ndiyo, nilipeleka tena, huku nikijua. Miezi miwili baadae juya jipya lilikuwa majini. Kwani duka lililouza la mwanzo halikuchomwa. Lile la pili lilinunuliwa mjini mchana kweupe na risiti likakatiwa.

Hapa ndipo ninapotaka tufikiri sawasawa. Juya hili si kitu cha kusukwa kwa mkono na mzee chini ya mkungu kama dema. Nailoni ile inatoka viwandani, inakuja kwa kontena, inapita bandarini, inalipiwa ushuru, inauzwa jumla, inauzwa rejareja. Katika safari yote hiyo serikali ina macho ya kumtosha kila mtu, lakini inafumba mpaka wavu ufike mikononi mwa mtu asiye na uwezo kuliko wote kwenye mnyororo, ndipo inafumbua. Ingekuwa ni kutaka kulinda samaki, kazi ingeanzia bandarini. Mtungi wa kuzamia nao ni hivyo hivyo, haujazwi hewa na majini. Kuna mtu ana mashine, ana mahali, anajulikana.

Na tusidanganyane, diko lina watu wake wakubwa. Anayekuja kukamata mchana mara nyengine usiku anapelekewa mtungo wa changu nyumbani. Wakati wa uchaguzi ndio basi kabisa. Hakuna mgombea wa chama chochote, narudia, chochote, atakayepanda jukwaani Micheweni au Mkoani akawaambia watu waache juya. Uvuvi haramu ni katika mambo machache ambayo vyama vyetu vyote vimekubaliana: kunyamaza.

Kuna hoja moja ambayo naisikia kila tukikaa barazani huku Muscat, na inanikera kwa sababu ina ukweli nusu. Wanasema, "Wavuvi wetu masikini mnawaonea bure, wanaomaliza samaki ni meli za kigeni." Na mifano wanayo. Machi 2009 ilikamatwa meli ya Tawariq 1 kwenye maji ya Tanzania ikiwa na shehena kubwa ya jodari, Magufuli akiwa waziri wa uvuvi, na samaki wale wakapewa jina la "samaki wa Magufuli". Kesi ikaenda miaka, watu wakahukumiwa 2012, na 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta kila kitu. Meli nayo ikaoza. Ni aibu, na ni kweli kuwa bahari kuu yetu imechezewa, na ni kweli kuwa mkubwa akiiba anatafutiwa wakili na mdogo anatafutiwa kiberiti.

Lakini hebu tulinganishe vizuri. Meli ile ilikuwa inavua jodari bahari kuu, mbali huko. Jodari hakai kwenye nyasi za bahari mbele ya Wesha. Hata meli zote za kigeni zikifukuzwa kesho asubuhi, tasi wa kidole gumba hatokua mkubwa ndani ya juya langu. Kosa la mgeni haligeuzi kosa letu kuwa haki. Tupiganie yote mawili, lakini tusitumie la kwanza kama pazia la kufichia la pili.

Hoja nyengine ni kuwa babu zetu walivua na samaki hawakwisha. Sawa. Sensa ya 1978 ilituhesabu watu kama 476,000 Zanzibar nzima. Sensa ya 2022 imetuhesabu 1,889,773. Mwamba wa Misali haukuongezeka hata hatua moja. Juu ya hao weka watalii, maana mwaka 2023 waliingia zaidi ya 600,000, na kila mmoja anataka pweza wa nazi na kamba wa kuchoma. Babu yangu alivua na dema la ukindu na dau la tanga, akirudi na mtungo wake. Yeye hakuwa mtakatifu kuliko mpwa wangu. Alikosa nailoni, mtungi na soko la hoteli, basi.

Tuje kwenye baruti, kwa sababu ipo funzo kubwa. Pwani ya Bara ilipigwa mabomu toka miaka ya 1960. Mwaka 1997 na 1998 jeshi la majini likaingia kazini, milipuko ikapungua sana, jeshi likarudi kambini, na miaka michache baadae watu wakaanza tena kama kwamba hapakutokea kitu. Machi na Aprili 2015 watafiti walizunguka pwani yote na chombo kinachoburuta vinasa sauti ndani ya maji. Walithibitisha milipuko 318 kwa muda wa mwezi mmoja, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, yaani pale pale ilipokuwa Wizara, Polisi na Ikulu! Baada ya hapo ndipo ikafanywa kazi ya maana. Vyombo mbalimbali vikafanya kazi pamoja, vikafuata baruti zinakotoka, machimboni na kwenye ujenzi, vikafuata wauzaji na matajiri wanaotoa pesa, na kesi zikapelekwa na watu wanaojua kesi. Kuanzia 2016 kwenda mbele milipuko ilishuka kwa kiasi ambacho hata waliokata tamaa walishangaa. Jambo la miaka hamsini! Kwa hivyo anayesema haiwezekani, amwambie mwengine. Ilichukua siku walipoacha kumfukuza kijana mwenye chupa wakamfuata aliyeijaza.

Tofauti na hiyo ni vituko. Nyote mnakumbuka Juni 2018, maafisa wa uvuvi walipoingia na rula kwenye mgahawa wa Bunge Dodoma kupima samaki waliokwisha kupikwa. Nilicheka, kisha nikasema angalau siku hiyo wabunge walionja robo ya anayoonja mchuuzi kila wiki.

Sasa niseme ninayoyaona hapa ninapoishi. Kila mwaka tarehe 15 Agosti, ukienda soko la samaki Matrah, kanadi hayupo. Kanadi ndiye nguru wetu, samaki yule yule, na Waomani wanampenda kama tunavyompenda sisi. Mpaka tarehe 15 Oktoba havuliwi, hauzwi, na mwenye akiba yake kwenye majokofu anatakiwa aioneshe serikalini kabla. Kamba wa mawe naye anaruhusiwa Machi na Aprili tu. Tena kabla ya wizara kuwepo, vijiji vya pwani ya Oman vilikuwa na desturi yao wanayoiita sunna ya bahari, wazee wanakaa kuamua nani atupe wavu wapi na zamu ya nani, na dola ilipokuja haikuwafukuza wale wazee bali iliwapa kamati. Sisemi Oman ni pepo. Huku nako wapo wanaoiba msimu, na mara kwa mara tunasikia nyavu zimekamatwa. Lakini muuza samaki Matrah ukimuuliza kanadi mwezi wa Septemba anakuangalia kama umemuuliza nguruwe. Hilo limejengwa kwa miaka na miaka ya kufunga na kufungua kwa tarehe ile ile, kwa tajiri na masikini sawasawa, na kufunga kwenyewe kunaanzia sokoni. Mvuvi anaweza kujificha baharini. Nguru mzima hawezi kujificha juu ya meza ya soko.

Msije mkadhani ni Waarabu tu wanaweza. Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, watu walikubaliana wenyewe, kwa msaada wa asasi ya Mwambao, kufunga sehemu ya miamba yao miezi mitatu pweza asiguswe. Pweza ni mnyama wa ajabu, maisha yake ni mwaka na kitu tu, na mwilini anaongezeka upesi sana. Ukimuacha miezi mitatu unamkuta mwengine. Siku ya kufungua wanashuka wanawake na wanaume kwa pamoja, na wanatoka na pweza wa kubebwa begani. Hakuna askari aliyehitajika kumueleza mtu faida yake, ameipima kwenye mizani. Kilichowasumbua zaidi ni wezi wa kutoka nje ya kijiji, na hilo ni suala la serikali kuwapa nguvu kamati zile, kuwapa boti ya doria na mafuta, na kumpeleka mwizi mahakamani akikamatwa, badala ya kumuachia jioni kwa simu ya mtu.

Na Misali je? Wazee wetu wanasimulia Nabii Khidhri alifika pale akaomba msala asali, hakukuwa na msala, akasema basi kisiwa hiki ni mithali yake. Kisiwa chenye jina kama hilo wavuvi walikuwa wakikiharibu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 wakaja watu wa mradi, safari hii hawakuja na semina za hoteli bali walikaa na mashekhe na wavuvi wakasoma aya za amana na israfu, na wapo waliosikia hayo wakati agizo la wizara halikuwaingia. Kwetu sisi hilo si jambo la kudharau. Hotuba moja ya Ijumaa inafika mahali ambapo gari ya wizara inakwama.

Kwa wanaotaka hesabu na si hotuba, watazame Kenya. Walikataza juya 2001, na mtafiti Tim McClanahan, ambaye ameikalia miamba ile kwa miaka mingi, alionesha kuwa kule juya lilikoondolewa kweli, kipato cha waliobaki na madema, mishipi na nyavu za macho makubwa kilipanda. Samaki walikuwa wakubwa zaidi na wa bei zaidi. Yaani juya halikuwa linamlisha masikini. Lilikuwa linamnyang'anya masikini wa mshipi kumpa masikini wa kamba, na katikati tajiri wa juya anachukua fungu lake la kwanza.

Nakubali lakini kuna mtu hapa anaumia, na siwezi kujifanya simuoni. Watu kumi na sita wanaovuta juya, ukiliondoa, wanakula nini wiki ijayo? Mtu wa mshipi anahitaji chombo cha kumfikisha nje. Ndio maana kijiji kisicho na vyombo ndicho chenye majuya mengi. Na wapo watu wa dago, Wakojani khasa, ambao wanalaumiwa kutoka Mombasa hadi Mtwara kwa majuya na vigumi vyao. Nimekaa nao. Ni mabaharia wa kupigiwa mfano, kisiwa chao kidogo, shamba hawana, ukiwaambia acheni bila ya kuwapa njia umewaambia wafe. SMZ imegawa maboti kwa vikundi miaka hii ya karibuni, na mimi si katika wanaopinga kila kitu cha serikali. Lakini boti lazima lipewe aliyesalimisha juya, papo hapo, juya mkononi na boti mkononi, mbele ya kijiji. Likipewa aliyekuwa hajawahi kulowa maji kwa sababu ya kadi yake ya chama, tutakuwa tumeongeza boti na juya limebaki. Halafu wakati wa miezi ya mwanzo, ambapo samaki hawajarudi, pawepo na kitu cha kumvusha mtu. Pesa za watalii wanaoingia hifadhini zipo. Kijiji kinachofunga mwamba wake kinastahili kuziona.

Na sisi tulio nje. Tunapenda kuandika kuhusu katiba, Muungano, mafuta na gesi, na ni haki yetu. Lakini ukichunguza madiko mengi ya Unguja na Pemba utakuta juya lililonunuliwa kwa pesa ya Dubai, mtungi ulionunuliwa kwa pesa ya London, injini ya Toronto. Hatuoni kama hiyo ni siasa. Sisi ndio matajiri wa majuya, tukitaka tusitake, na hakuna mkuu wa wilaya anayeweza kututia kiberiti. Kama tunaweza kuuliza nyumba inajengwa kwa tofali gani na fundi nani, kweli tunashindwa kuuliza macho ya wavu yana ukubwa gani?

Nimesema nitaeleza kwa nini haya yamenirudia. Mpwa wangu sasa ni mtu mzima, ana watoto wanne. Mwaka huu amenipigia hataki tena juya. Anasema pwani hakuna kitu, juya linatoka na majani matupu. Anachotaka ni pesa za mitungi miwili na mashine ya kujazia. Jongoo na kamba bado wapo chini kwenye maji ya kina kirefu na wanunuzi wa mjini wanalipa pesa taslimu. Yeye mwenyewe hatazamia, kifua hakimruhusu. Atakayezamia ni mwanawe mkubwa, kijana wa miaka 17.

Nimewaona vijana wa mitungi. Hawafundishwi na mtu, wanakwenda chini mara nne tano kwa siku, wanapanda juu haraka kwa kuwa hewa imekwisha, na wengine wanatolewa kwenye boti miguu haisikii tena. Mmoja wao kijijini kwetu anakaa kibarazani toka ana miaka 22.

Nimemjibu mpwa wangu kuwa mtungi sitoi hata baisa moja. Nimemwambia nitalipa nusu ya boti ya faiba na injini ya farasi 15 ya mkono wa pili, mishipi na majarife ya macho makubwa, na nusu nyengine atafute na wenzake wawili watatu wa lile juya, na juya lenyewe walipeleke kwa sheha kabla sijatuma. Nimemwambia pia kuwa nimepunguza mengine yangu kwa ajili hii, si kwa ubahili. Ni wiki ya tatu sasa hajanijibu.

Aliyenijibu ni dada, juzi usiku. Ameniambia kijana amepata mtungi wa kuazima kwa mtu wa Wete, na maji mafu yanaanza Jumatano.